Maswali ya Wasomaji: Pikipiki Kongwe ya Kiingereza, Ninunue au Niache?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina umri wa miaka 46, na tangu ujana wangu nimekuwa nikiitamani pikipiki kongwe ya Kiingereza. Baada ya kudunduliza kwa miaka kadhaa nimepata wauzaji wawili. Wa kwanza ana Triumph Bonneville T120 ya mwaka 1969, nzima na inayotembea. Wa pili ana Norton Commando ya mwaka 1972 ambayo bei yake ni karibu nusu ya ile ya Triumph, lakini imefunguliwa yote na imo ndani ya makasha sita, naye ananihakikishia kwamba hakuna kilichopotea. Mke wangu hapingi, ila ameniuliza jambo ambalo sikuweza kulijibu: kwa fedha hizo hizo, kwa nini nisinunue pikipiki mpya nikalala usingizi? Nakusudia kwenda nayo kazini kila siku, kilomita 20 kwenda na 20 kurudi. Naomba unipimie faida na hasara bila kunificha kitu.

JIBU: Ndugu yangu, swali la mkeo ni zuri kuliko lako, kwa hiyo nitaanza nalo. Faida na hasara za chombo hiki hazina uzito mmoja kwa watu wote, kwani hubadilika kulingana na jambo moja tu, nalo ni kama utakuwa na usafiri mwingine. Mwenye basi, gari au pikipiki ya pili ya kumfikisha kazini ataiona Bonneville ikigoma kuwaka asubuhi, atacheka, ataifunika na kuirudia jioni akiwa na bisibisi mkononi. Asiye na chombo kingine ataiona hitilafu hiyo hiyo, iliyosababishwa pengine na uchafu mdogo kwenye kabureta, na kabla mwezi haujaisha atakuwa ameanza kuichukia. Nimeshuhudia pikipiki nzuri zikiuzwa kwa hasara kwa sababu hiyo pekee. Kama T120 ndiyo itakayokuwa tegemeo lako la kila siku, jibu langu ni usinunue, na sehemu iliyobaki ya barua hii unaweza kuisoma kama burudani.

Tuchukulie basi kwamba unalo tegemeo lingine. Yakupasa kujua unanunua kitu cha namna gani. Injini ya Bonneville ilizinduliwa kwa jina hilo mwaka 1959, lakini mzizi wake ni Speed Twin ya cc 500 iliyobuniwa na Edward Turner na kutolewa mwaka 1937. Kwa hiyo mashine unayouziwa kama ya mwaka 1969 ina fikra za miaka ya thelathini: silinda mbili zilizosimama sambamba, pistoni mbili zinazopanda na kushuka kwa pamoja, na kasha la injini lililopasuliwa wima katikati na kufungwa kwa bolti. Karibu kila sifa na kila kero utakayoisikia inatokana na maneno hayo machache.

Chukua kero inayotaniwa kuliko zote, ile ya kuvuja oili. Pistoni mbili zinaposhuka kwa pamoja husukuma hewa yote iliyomo tumboni mwa injini, na hewa hiyo isipopata pumuo lililo wazi hutafuta upenyo katika maungio, ikitoka pamoja na oili. Injini iliyofungwa na fundi mwangalifu, nyuso za maungio zikiwa zimesawazishwa na pumuo likiwa safi, inaweza kukaa kavu kwa muda mrefu. Inayodondosha tone mojamoja haijafa. Inayoacha dimbwi inakuambia kwamba kuna mtu aliwahi kuingiza bisibisi katikati ya maungio ili kuyabandua, na mikwaruzo ile haizibwi na gesketi wala na gundi.

Mtetemo nao una asili hiyo hiyo, kwa kuwa uzito wa pistoni mbili zinazokwenda pamoja hauwezi kusawazishwa kikamilifu kwa vizito vya krankshafti. Hadi mwendo wa kilomita 90 hivi kwa saa utauhisi kama uhai wa mashine na utaupenda. Ukiishikilia kwa muda mrefu juu ya 110, vidole vitakufa ganzi, nati zitalegea, nyuzi za balbu zitakatika, na madigadi yataanza kupata nyufa kwenye matundu ya bolti. Kukagua nati kwa spana, moja baada ya nyingine, ni sehemu ya maisha na pikipiki hii kama kuijaza petroli. Hapo utagundua pia kwamba seti yako ya spana za milimita haikusaidii kitu, kwa sababu Waingereza walitumia vipimo vyao wenyewe, na mashine za mwishoni mwa miaka ya sitini huchanganya mifumo zaidi ya mmoja kwenye fremu moja. Nunua spana sahihi kabla ya kununua pikipiki. Nati iliyoviringwa kwa spana isiyoitosha itakugharimu Jumamosi nzima.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi, nalo ndilo linalowaumbua wageni. Oili ya mashine hizi haikai chini ya injini. Hukaa katika tangi lake la pembeni, na pampu huipeleka ndani na kuirudisha. Pikipiki ikisimama majuma mawili matatu, oili huteremka polepole kupitia pampu na kujikusanya tumboni mwa injini. Mwenyewe hufungua kifuniko cha tangi, akaliona tupu, akaongeza lita nzima, akawasha. Nilifanya hivyo mwaka wa kwanza wa kumiliki Triumph yangu. Injini ilikohoa, ikatoa moshi mweupe uliofunika ukuta, kisha oili yote niliyoizidisha ikatokea kwenye pumuo na kuchora mstari hadi kwenye tairi la nyuma. Siku hizi, ikiwa imelala muda mrefu, hufungua kwanza kizibo cha chini, nikakinga ndoo, nikapima kilichotoka na kukirudisha tangini mwake kikiwa bado kisafi. Na usawa wa oili huutazama baada ya injini kuwa imekwenda dakika chache, si kabla.

Kuhusu umeme, mizaha juu ya Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya pikipiki hizi, ni mingi kuliko makosa yake. T120 ya mwaka 1969 ina volti 12, na hitilafu nyingi nilizokutana nazo hazikutoka kwenye vifaa vya kiwandani. Zilitoka kwenye nyaya zilizochakaa, maungio yenye kutu, na mikono ya watu waliounganisha waya kwa kusokota na kufunika kwa utepe. Ukivuta nyaya mpya kutoka mwanzo hadi mwisho na kukipa kila kifaa cha umeme waya wake wa kurudi kwenye fremu, shida nyingi hukoma. Kumbuka tu kwamba kwa kawaida upande wa chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye fremu, kinyume cha ulichozoea. Ukifunga betri kwa mazoea, utaunguza vifaa kabla hujafika kwenye swichi. Wengi huondoa pia pointi na kuweka mfumo wa elektroniki wa kuwasha cheche, nami siwalaumu, kwa sababu injini huwaka kwa urahisi na kutulia vizuri zaidi.

Hasara iliyo kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, huzungumzwa kwa nadra: miguu. Katika Bonneville hii gia ziko upande wa kulia na breki ya nyuma upande wa kushoto. Ukiwa umetulia hutapata shida. Ila mtoto akikatiza barabara ghafla, mguu hufuata mazoea ya miaka 20, na badala ya kushika breki utajikuta ukikanyaga gia. Breki ya mbele ya ngoma, ya inchi 8 na yenye viatu viwili vya kuvuta, ilikuwa miongoni mwa nzuri za wakati wake, lakini haitakusimamisha kama diski ya leo. Kwa majuma sita ya mwanzo usiipande katika msongamano, na kama unaweza, katika kipindi hicho usipande pikipiki nyingine yoyote.

Sasa faida, ambazo si kumbukumbu za ujana peke yake. Bonneville ina uzito wa kilo 165 hivi ikiwa tupu, ni nyembamba kiunoni, na inainama kwenye kona kwa kuegemezwa bega tu. Nguvu yake huja mapema, kwa hiyo huhitaji kuikoromesha ili ipande mlima. Kila kiungo kinafikika: valvu hupimwa kwa kufungua vifuniko vidogo juu ya kichwa cha injini, milimita 0.05 kwa ya kuingiza na 0.10 kwa ya kutolea moshi, kazi ambayo baada ya mara ya tatu utaimaliza kabla chai haijapoa. Hakuna kompyuta itakayokukatalia. Tena, jambo linalowashangaza wengi, spea zake hupatikana kwa urahisi kuliko za pikipiki nyingi za miaka ya tisini, kwa sababu zilitengenezwa nyingi, zikauzwa hasa Marekani, na kiwanda cha Triumph cha Meriden kilipofungwa mwaka 1983 watengenezaji wadogo waliendelea na kazi. Ubora wa spea hizo ndio haulingani. Nimenunua kebo mpya iliyokatika kabla ya ile kuukuu niliyoitoa. Spea ya zamani iliyo nzima usiitupe kwa sababu tu umepata inayong'aa.

Upande wa fedha, mpya hupoteza thamani tangu siku inapotoka dukani, ilhali iliyotunzwa ya umri huu kwa kawaida haiporomoki hivyo. Hilo ndilo jibu moja unaloweza kumpelekea mkeo. Usimwambie, hata hivyo, kwamba ni kitega uchumi. Fedha za matengenezo makubwa ni nadra kurudi zote. Tena jina lenyewe linalipiwa. Bonneville ni uwanda wa chumvi wa Utah, ambako mwaka 1956 Johnny Allen aliendesha chombo chenye umbo la risasi na injini ya Triumph ya cc 650 kwa maili 214 kwa saa. Shirikisho la kimataifa la pikipiki lilikataa kuitambua rekodi ile, lakini Triumph wakaipa pikipiki yao jina hilo. Ukiweza kuvumilia kulikosa neno hilo, tafuta TR6 ya miaka hiyo hiyo. Ni mashine ile ile yenye kabureta moja badala ya mbili, mwendo wake unakaribiana sana na wa T120, na hutahangaika kusawazisha kabureta zisizotaka kusawazika. Kama fedha zingekuwa zangu, ningenunua hiyo.

Ukienda kuitazama T120, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha uguse injini kwa kiganja. Ikiwa ya moto, kuna anachokuficha. Vuta klachi na upige kiki mara mbili bila kufungua umeme ili kubandua sahani zilizogandana, bonyeza vitufe vya kabureta mpaka petroli ilowanishe kidole, kisha washa. Linganisha namba ya injini na ya fremu, ambazo kwa Triumph ya mwaka huo zinapaswa kufanana. Kuanzia mwaka 1969 namba ya injini ilipigwa juu ya bapa lililojaa nembo ndogondogo za Triumph, ili anayekwangua na kupiga upya ajulikane; bapa likiwa laini kama kioo, aga na uondoke. Mwisho, uliza kama mrija wa tope uliwahi kusafishwa. Mrija huo umo ndani ya krankshafti, kazi yake ni kunasa uchafu wa oili, nao haufikiki mpaka injini yote ifunguliwe. Nilipoufungua wangu nilikuta masizi yaliyoshindiliwa mpaka yakawa magumu kama udongo wa chungu, tundu la oili likiwa limebaki la kupitisha njiti ya kiberiti. Kama muuzaji hana risiti ya kazi hiyo, ihesabu kwenye bei.

Kuhusu Norton iliyo ndani ya makasha, sitarefusha. Commando ni pikipiki tamu mno. Mipira ya Isolastic inayoitenga injini na fremu pamoja na mpandaji iliondoa kero ya mtetemo niliyoieleza hapo juu. Lakini mwaka 1972 ndio mwaka wa injini iliyoitwa Combat, iliyoongezewa nguvu kuliko beringi zake kuu zilivyoweza kuhimili, na beringi hizo zilikuwa zikiharibika mapema hadi zilipobadilishwa aina. Wewe utainunua bila kuisikia ikiwaka. Tena makasha hayajawahi kuwa na kila kitu. Kinachokosekana si fremu wala tangi, ambavyo jicho huviona. Ni bushi, washa na mabano ishirini madogo ambayo kila kimoja kina bei yake na safari yake. Mwache mwenye makasha na makasha yake.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Baba yetu alifariki mwaka jana na kutuachia BSA B31 ambayo haijawashwa kwa takriban miaka 25. Ndugu zangu wanataka iuzwe upesi, nami sijui kama tuitengeneze kwanza ili tupate bei nzuri. Jirani amejitolea kuja kuipiga kiki tuone kama ni nzima.

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole kwa msiba. Kwanza mshukuru jirani na umwombe asiiguse kiki. Baada ya miaka 25 ringi za pistoni huenda zimeshikana na silinda kwa kutu, na teke moja la mtu mwenye nguvu linaweza kuvunja kile ambacho mafuta kidogo na subira vingekilegeza. Toa plagi, mimina vijiko vichache vya oili nyepesi ndani ya silinda, iache siku kadhaa, kisha weka gia ya juu na usukume gurudumu la nyuma kwa mkono, mbele kidogo na nyuma kidogo. Ikizunguka, bei yake imepanda bila nyinyi kutumia fedha. Mwaga oili yote iliyomo, kwani ni tope, na petroli iliyobaki pia. Tairi zake hazifai hata kama kashata zake bado ni ndefu.

B31 ni mashine ya watu wapole. Ina silinda moja ya cc 348, ilitengenezwa kati ya mwaka 1945 na 1959, haikimbii sana zaidi ya kilomita 110 kwa saa, na haina haraka ya kuharibika. Kwa mtu anayeanza na pikipiki kongwe za Kiingereza sijui iliyo bora kuliko hiyo, na ndiyo maana nasikitika kidogo kusikia inauzwa.

Je, mtengeneze kwanza? Hapana. Msipake rangi, msipeleke chochote kuchovywa kromiamu, msing'arishe hata kifuniko cha injini. Rangi ya kiwandani iliyofifia ikishakwanguliwa hairudi kwa fedha yoyote, na wanunuzi wanaojua kazi hulipa vizuri kwa mashine ambayo haijachezewa. Kinachoongeza thamani ni karatasi: kadi ya usajili, risiti za zamani, picha ya baba yenu akiwa ameipanda, hata daftari alimoandika lini alibadilisha oili. Katika BSA za miaka hiyo namba ya injini na ya fremu hazikuwa lazima zifanane, hivyo mnunuzi akitumia tofauti hiyo kuwapunguzia bei, mjibuni kwamba zilitoka kiwandani hivyo, na kwamba vilabu vya wamiliki vinaweza kumthibitishia kutokana na kumbukumbu za kiwanda.

Mkiamua kubaki nayo, mtafute mtu aliyewahi kumiliki silinda moja awafundishe kuiwasha, kwa sababu hapa nguvu hazisaidii. Kama usukani una kijiti cha kuchelewesha cheche, kichelewesheni. Kiki husukumwa taratibu kwa mguu mpaka ikaze. Hapo huvutwa kijiti kidogo cha kuinua valvu, kiki ikasogezwa kiasi cha upana wa vidole viwili, kijiti kikaachiwa. Kisha kiki hurudishwa juu na kushushwa mara moja, kwa mwendo mrefu, bila kugusa akselereta. Baba yenu bila shaka alikuwa akifanya hivyo akiwa amevaa viatu vya kazini na huku akizungumza na mtu.

SWALI: Mhariri, napenda sura ya pikipiki hizi lakini sipendi kushika spana. Je, ipo njia ya katikati?

JIBU: Ipo, tena mbili. John Bloor alilinunua jina la Triumph mwaka 1983, akajenga kiwanda kipya Hinckley, na mwaka 2001 kampuni hiyo ikatoa Bonneville ya cc 790 yenye sura ya ile ya zamani na injini ya kisasa. Unabonyeza kitufe, inawaka, na chini yake pakavu. Nyingine ni Royal Enfield Bullet, iliyoanza kuundwa Madras mwaka 1955 na kuendelea kutengenezwa India kwa miongo mingi baada ya kiwanda chake cha Redditch, Uingereza, kufungwa. Hiyo ni mashine ya zamani kwa kweli, ila yenye spea mpya tele. Nayo ikiwa ya injini ya zamani ya chuma, itakudai spana, ingawa mara chache kuliko binamu zake wa Uingereza. Kwa maelezo yako, chukua ya Hinckley. Wazee wa vilabu watakuambia kwamba haina roho. Waulize wamekuja mkutanoni na nini mvua ilipokuwa ikinyesha.